Nguvu za Kiume Hupotelea Mishipani: Uchambuzi kutoka Rugu

Mwanamume wa Rugu anayeona nguvu zake za kiume zinapungua hakosi wa kumweleza sababu. Mganga atamwambia amefungwa, kuna mkono wa mtu. Muuza dawa mwenye kipaza sauti mnadani atamwambia ni punyeto ya ujanani, au chango, au ngiri, vimelegeza mishipa. Wazee wenzake, rubisi, pombe ya ndizi, ikiwa katikati yao, watamwambia ni umri, akubali yaishe. Maelezo yote matatu yana wepesi wake: hayamlazimu kupanda pikipiki kwenda hospitali ya Nyakahanga kupimwa. Ila hakuna hata moja linalomuuliza presha yake ni ngapi.

Kata ya Rugu ipo wilayani Karagwe, mkoani Kagera, katika nchi ya Wanyambo iliyokuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012. Ni nchi ya migomba, kahawa na maharage, ya vilima na kazi ya jembe. Ni rahisi kwa mtu wa huko kuamini kwamba magonjwa ya mishipa ya damu ni ya wakubwa wa mjini, wenye magari na vitambi. Makala haya yanashikilia kinyume chake: kwa mwanamume aliyevuka miaka 40, awe wa Masaki, Dar es Salaam, au wa Rugu, kushindwa kusimamisha kuchukuliwe kuwa tatizo la mzunguko wa damu hadi vipimo vionyeshe vingine. Anayelitibu kwa unga wa mnadani bila kupima presha na sukari huenda akaondoa dalili na kuuacha ugonjwa ukiendelea na kazi yake.

Damu inavyofanya kazi hiyo

Uume hauna mfupa, wala hausimami kwa kukaza msuli. Unasimama kwa damu. Ndani yake mna mirija miwili ya nyama yenye vijishimo vingi mithili ya sifongo, iliyofunikwa na ala ngumu. Wakati wa kawaida, misuli laini iliyo kwenye kuta za vijishimo hivyo na kwenye ateri huwa imejikaza, na damu inayopita ni kidogo. Hamu ikija, ubongo hupeleka ujumbe kupitia uti wa mgongo na neva za nyonga. Miisho ya neva hizo, pamoja na utando wa ndani wa mishipa ya damu, hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Gesi hiyo huilegeza misuli laini, ateri hupanuka, damu huingia kwa wingi na mirija hujaa. Inapojaa huzibana vena zinazotoa damu dhidi ya ile ala ngumu, na damu hubaki humo hadi tendo liishe.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayoweza kuharibika katika mzunguko wenyewe. Damu inaweza kuingia kidogo, kwa sababu ateri zimekuwa nyembamba au hazipanuki tena. Au inaweza kuingia vizuri lakini isikae, kwa sababu vena hazibanwi sawasawa. Mwenye tatizo la kwanza husimamisha kwa shida au kwa ulegevu. Mwenye la pili huanza vizuri kisha hulegea kabla hajamaliza. Mara nyingi mtu mmoja huwa na yote mawili, kwa kuwa misuli laini inayokosa damu muda mrefu hugeuka kuwa kama kovu, na kovu halipanuki wala halibani.

Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya oksidi ya nitriki katika mishipa ya moyo na ya mwili. Mwaka huohuo, tarehe 27 Machi, Marekani iliidhinisha Viagra. Dawa hiyo haikutafutwa kwa ajili ya chumbani. Watafiti wa kampuni ya Pfizer mjini Sandwich, Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu. Wanaume waliojitolea kwenye majaribio ndio walioripoti kwamba kuna jambo jingine linatokea. Dawa maarufu kuliko zote za nguvu za kiume ilizaliwa katika utafiti wa moyo, na haikuwa ajali tupu: moyo na uume hulishwa na mishipa ya aina moja, inayofuata amri za kikemikali zilezile.

Kwa nini huko chini ndiko huanza

Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2. Zinazolisha moyo zina milimita 3 hadi 4, na zile za shingoni zinazopeleka damu kwenye ubongo zina milimita 5 hadi 7. Presha, sukari, mafuta ya lehemu na moshi wa tumbaku havichagui mahali. Huuchubua utando wa ndani wa mishipa mwili mzima. Utando uliochubuka huanza kushika mafuta, na tabaka lake hukua miaka kwa miaka. Tabaka ambalo mshipa wa shingoni hauna habari nalo latosha kuubana mshipa wa milimita moja.

Hii ndiyo nadharia ambayo madaktari wa Milan, Italia, wakiongozwa na Francesco Montorsi, waliieneza miaka ya mwanzo ya 2000 baada ya kuwahoji wagonjwa wa moyo. Wengi wao waliokuwa na upungufu wa nguvu za kiume walisema ulitangulia maumivu ya kifua, na tafiti nyingine zimeonyesha pengo la miaka 2 hadi 5 kati ya tatizo la chumbani na tatizo la moyo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa mawingu hutanda miaka kadhaa kabla, na mtu ana nafasi ya kutosha kujiandaa akitaka.

Tena si lazima mshipa uwe umeziba. Utando wa ndani ukishachoka, hutoa oksidi ya nitriki kidogo, na ateri hushindwa kupanuka hata kama njia bado ni wazi. Ndiyo maana mwanamume anaweza kulima ekari yake bila kuhema, kipimo cha moyo kikawa safi, na usiku akashindwa. Kupanuka kunakotakiwa kwa tendo hilo ni kukubwa kuliko kunakohitajika kushika jembe.

Kati ya vinavyoharibu mishipa hiyo, sukari ndiyo kali zaidi kwa sababu hupiga pande mbili: huharibu mishipa ya damu na pia neva zinazoleta ujumbe. Wanaume wenye kisukari hupata tatizo hili takriban mara tatu ya wasio nacho, na hulipata miaka 10 hadi 15 mapema. Presha hukaza na kunenepesha kuta za ateri. Tumbaku hufanya mawili kwa pamoja: nikotini hubana mishipa muda uleule inapovutwa, na moshi huuchoma utando wake kidogo kidogo kwa miaka. Pombe kali, gongo ikiwemo, hupumbaza neva usiku ule na kupandisha presha kwa miaka ijayo.

Je, presha na sukari ni za mjini?

Miaka ya nyuma, jibu lingekuwa karibu na ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kutoka vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa asilimia 9 hivi na presha ya juu kwa mtu mmoja kati ya wanne. Tafiti hizi mbili hazikupima watu walewale wala kwa njia ileile, kwa hiyo si haki kusema ugonjwa umeongezeka mara tisa. Lakini mwelekeo hauna ubishi.

Nao ushahidi wa chumbani upo nchini. Katika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, kati ya wanaume 312 waliohojiwa mwaka 2011, zaidi ya nusu, asilimia 55, walikuwa na upungufu wa kiwango fulani. Walioathirika zaidi walikuwa wenye umri mkubwa, wenye neva zilizoharibika, na wenye dalili za mishipa ya miguu kutopitisha damu vizuri. Hao wa mwisho ndio wa kutiliwa mkazo: damu isiyofika vidole vya mguu haifiki pengine pia. Utafiti mwingine, uliofanywa mtaani Kinondoni na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuta tatizo hili kwa karibu robo ya wanaume waliohojiwa, na hawa hawakuokotwa hospitalini.

Mtu wa Rugu atasema hizo ni za Dar es Salaam. Ana haki kwa sehemu. Jembe, mlima na mkungu wa ndizi kichwani ni kinga ya kweli. Mwili unaofanya kazi husukuma damu kwa kasi kwenye mishipa, na kasi hiyo huuchochea utando wa ndani kutoa oksidi ya nitriki zaidi. Ndizi, maharage na mboga za majani ni chakula ambacho daktari wa moyo yeyote angekisifu. Kinachobadilika ni vinavyozunguka hayo. Safari iliyokuwa ya miguu sasa ni ya bodaboda. Soda na chai ya sukari nyingi vimekuwa heshima ya mgeni, chumvi huongezwa mezani, na mafuta ya kupikia hayapimwi tena kwa kijiko. Watu wanaishi zaidi, wakiwemo wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, ambao miaka 30 iliyopita wasingefika umri wa presha.

Pia unene haujawahi kuwa aibu katika nchi hii. Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika huko Bweranyange mwezi Novemba 1861, alishangaa kukuta wake wa ukoo wa kifalme wakinoneshwa kwa maziwa hadi kushindwa kusimama wenyewe. Unene ulikuwa hadhi. Leo hadhi hiyo imehamia kwenye kitambi cha mwanamume aliyeuza kahawa vizuri. Kitambi hicho hakikai kimya: mafuta ya tumboni huvuruga kazi ya insulini, hupandisha lehemu, na hugeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa ya kike.

Tofauti kubwa kati ya Dar es Salaam na Rugu, basi, inaweza kuwa si ugonjwa bali kipimo. Wa mjini hugunduliwa na presha akienda kupimwa kwa jambo jingine. Wa kijijini hugunduliwa akishaanguka kwa kiharusi. Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, vijijini kabisa, ilikuwa sehemu ya utafiti wa kiharusi uliochapishwa mwaka 2010 pamoja na Dar es Salaam. Jiji liliongoza kwa kiasi kikubwa, lakini Hai nayo ilikuwa na wagonjwa wa kutosha kuonyesha kwamba jembe peke yake si kinga kamili.

Maelezo mengine yapimwe

Si kila tatizo la nguvu za kiume ni la damu, na uchambuzi unaodai hivyo ungekuwa wa muuza dawa mwingine. Kijana wa miaka 25 anayeshindwa kwa mke na kuamka kila asubuhi amesimamisha, mishipa yake inafanya kazi. La kutazamwa kwake ni hofu, mawazo, ugomvi wa ndani ya nyumba au pombe. Homoni ikipungua, hamu yenyewe hufa kwanza. Ajali ya uti wa mgongo na upasuaji wa tezi dume huweza kukata neva. Lakini mwanamume wa miaka 50 ambaye tatizo limemjia polepole, asubuhi haamki tena kama zamani, na hali ni ileile kwa mwanamke yeyote, huyo anaelezea mishipa yake.

Umri nao haukanushiki. Utafiti mkubwa wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta nusu ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 wakiwa na upungufu wa kiwango fulani. Kushindwa kabisa kulipanda kutoka asilimia 5 kwa wenye miaka 40 hadi 15 kwa wenye miaka 70. Zisomwe takwimu hizo kwa upande wa pili: wazee 85 kati ya 100 wenye miaka 70 hawakuwa wameshindwa kabisa. Umri hutoa muda kwa presha na sukari kufanya uharibifu; wenyewe si hukumu.

Punyeto, ambayo ndiyo mtaji mkuu wa matangazo, haina ushahidi wa kuharibu ateri wala kulegeza mishipa. Inaweza kumletea kijana hofu na hatia, na hofu huweza kumfunga kweli, lakini hiyo ni kazi ya adrenalini inayobana mishipa kwa muda. Kurogwa kuna nguvu ya namna hiyohiyo: anayeamini amefungwa huingia chumbani akiwa ameshashindwa.

Vumbi, mizizi na vidonge

Dawa zinazouzwa kwa jina la nguvu za kiume si za aina moja. Mulondo wa Uganda, ambao Wakenya wa Kakamega huuita mukombero, ni mzizi unaotafunwa kizazi hadi kizazi, na maabara zimeanza kuuchunguza. Bado hakuna ushahidi wa kutosha kwa binadamu kuuweka kwenye orodha ya dawa. Supu ya pweza, karanga na mihogo mibichi ni chakula, visitegemewe kuzibua ateri. Vumbi la Kongo na unga usio na jina ni jambo tofauti: mnunuzi hajui kilichomo wala kipimo chake. Mamlaka ya dawa ya Marekani imetangaza mara nyingi kukuta sildenafili, ambayo ndiyo Viagra yenyewe, imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Ikifanya kazi kwa dakika thelathini, mtu ana haki ya kushuku.

Sildenafili si sumu. Ikiandikwa na daktari huwasaidia wengi, ingawa wenye kisukari hufaidika kidogo kuliko wengine, na haifanyi kitu kama hamu haipo. Hatari yake ni kwa anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti, zikiwemo zile za kuweka chini ya ulimi: zikikutana, presha huweza kuporomoka hadi kuua. Mzee wa Kyerwa mwenye maumivu ya kifua akinunua unga wenye sildenafili bila kujua, yeye na daktari wake wote wamedanganywa. Na yeyote aliyesimamisha zaidi ya saa nne bila kulegea aende hospitali usiku huohuo. Damu isiyotoka huharibu kiungo moja kwa moja.

Lawama za dawa za presha

Wako wanaume wanaoacha dawa za presha kimyakimya kwa sababu wamesikia zinaua nguvu. Baadhi ya dawa za zamani, hasa za kuongeza mkojo na za kupunguza mapigo ya moyo, zinaweza kuchangia. Lakini watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2003 ukubwa wa nguvu ya maneno: kati ya wanaume waliopewa atenololi bila kujua ni dawa gani, asilimia 3 walipata tatizo; walioambiwa jina lake, asilimia 16; walioambiwa jina na kwamba inaweza kuleta shida hiyo, asilimia 31. Kidonge kilikuwa kilekile. Ziko dawa nyingine za presha zisizogusa chumbani, na kubadilishiwa ni jambo la kumwambia mhudumu mlango ukiwa umefungwa. Anayeacha dawa ili kuokoa ndoa huiachia presha ateri zilezile alizotaka kuziokoa.

Kinachorudisha damu

Habari njema ni kwamba utando wa mishipa hupona kwa kiasi ukipewa nafasi. Jaribio la Italia la mwaka 2004 liliwachukua wanaume 110 wanene wenye tatizo hili. Waliofundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi walipungua uzito, na baada ya miaka miwili karibu theluthi yao walikuwa wamerudi katika hali ya kawaida. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2018 yalipendekeza dakika 160 za mazoezi ya kutoa jasho kwa wiki, kwa miezi sita. Mkulima wa Rugu ameshapita hapo kwa jembe lake. Mwenye duka, mwalimu na dereva wa bodaboda hawajapita. Kuacha sigara, kupunguza gongo na chumvi, na kumeza dawa za presha na sukari bila kuruka siku ndiyo tiba inayofika kwenye chanzo.

Mlango wa kuingilia ni mdogo. Kupima presha hakuhitaji bingwa. Zahanati inatosha, na presha inayorudia 140 kwa 90 au zaidi ni ugonjwa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mara mbili ni kisukari. Yanayozidi hapo ndiyo ya hospitali, iwe Nyakahanga, Bukoba au Bugando, Mwanza.

Kilichobaki ni ulimi. Kagera ndiko wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na mkoa huu ulilipa gharama kubwa kabla ya kujifunza kutaja ugonjwa wa chumbani mbele ya watu. Somo hilo lisipotee. Mama wa nyumbani asimshuku mumewe kuwa na nyumba ndogo kabla hajamuuliza mara ya mwisho alipima presha lini. Mhudumu wa afya anayempima mwanamume presha aulize na swali hili bila kungoja aulizwe. Na wewe baba uliyevuka arobaini, tatizo likishadumu miezi mitatu, kabla hujamlipa mwenye kipaza sauti, pita zahanati ukapimwe presha na sukari. Mficha maradhi kifo humuumbua.